Kipa wa Lutumbi na Mtani Wake

Siku ya Jumamosi, tarehe 14 Septemba, mwaka 2019, Astridah Namukolo, ambaye mji mzima wa Lutumbi humwita Mama Chewe, alifika Uwanja wa Shafti asubuhi akiwa na beseni la chikanda, mkate laini wa viazi vya porini na karanga, kichwani na sahani ya mumewe mkononi. Aliliweka beseni nyuma ya goli la kaskazini, akaifunika chikanda kwa kitambaa ili nzi wasiitangulie, kisha akapita kando ya nyavu kumpelekea mumewe nshima, yaani ugali, na dagaa wa kapenta.

Mumewe, Laban Chilekwa, alikula amesimama katikati ya goli, uso ameuinua juu. Hakuwa na haja ya kuitazama sahani. Mkono wake ulikuwa umeshaijua njia.

“Chumvi imezidi,” alisema.

“Imezidi kidogo,” alijibu Mama Chewe.

Mpira ulikuwa palepale. Ulikuwa umetulia hewani mbele ya goli, juu kidogo kuliko mnara wa shafti ya mgodi, na upande wake mmoja ulikuwa umepauka kwa jua. Kivuli chake kilianguka karibu na alama ya penalti. Ulikuwa umepigwa mwaka 1998, katika kipindi cha pili cha fainali ya Ngao, na mshambuliaji wa mji wa jirani aliyekusudia kumpiga chenga ya juu kipa wa Mukuba Rovers. Kabla haujashuka, mjumbe alitoka ofisini akatangaza kwamba mgodi umeuzwa, na kwamba pamoja na mgodi zimeuzwa nyumba za wafanyakazi, hospitali, klabu, na huo uwanja wenyewe waliokuwa wameukalia. Viongozi waliondoka jukwaani kwenda kuuliza. Refa, ambaye siku za kazi alikuwa msimamizi wa zamu huko chini mgodini, aliondoka nao, filimbi ingali mdomoni. Hakurudi. Alihamia Afrika Kusini akafia huko. Wachezaji walingoja mpaka jua lilipozama, kisha wakaenda makwao mmojammoja. Ni kipa peke yake ambaye hakuweza kwenda, kwa sababu mpira ulikuwa unakuja kwake.

Ligi iliendelea. Katika mechi zilizofuata, Mukuba Rovers walipolinda goli la kaskazini, walimtumia Laban, ambaye alidaka vizuri kwa kusikiliza. Walipobadilishana upande, kipa wa wageni alisimama karibu naye, na Laban alisogea hadi kwenye nguzo, mikono nyuma, ili asimwingilie mwenzake kazi. Marefa wa ligi nzima waliuzoea utaratibu huo. Wakati wa masika mpira ulichuruzika maji kama kona ya paa, na wachezaji walijifunza kupakwepa mahali hapo kwa sababu paliteleza.

Mtoto wao, Chewe, alikuwa akitambaa siku ile. Sasa alikuwa muuguzi huko Solwezi. Mama Chewe alikuwa amemlea kati ya nyumba na goli, akaosha jezi, akaleta mwavuli, akauza chikanda hapohapo nyuma ya nyavu ili mume na biashara vikae pamoja. Hakuwahi kulalamika mbele ya watu. Lakini kitanda chake kilikuwa na upande mmoja uliobonyea na upande mmoja uliokuwa mpya, na kila alipokitandika aliutazama ule mpya.

Kubadilisha kipa hakukuwezekana. Chama cha mashabiki kiliwahi kumleta kipa wa akiba akiwa amevaa kila kitu, na Laban alimjibu kwa upole kwamba kipa habadilishwi mpira ukiwa mchezoni. Kila mtu Lutumbi aliijua sheria hiyo, na kila mtu aliona kwamba amesema kweli.

Asubuhi hiyo chikanda ilinunuliwa kwa wingi, kwa sababu mkutano ulikuwa umeitishwa alasiri. Mwekezaji mpya alikuwa anakuja kutoka Lusaka kuzungumza na mashabiki juu ya kuujenga upya uwanja. Waliofika mapema walizunguka beseni, na ubishi ukaanza kabla mwekezaji hajavuka hata mto.

Tresford Besa, muuza vocha, ndiye aliyekuwa upande wa mwekezaji. Mzee Sikazwe, mwenyekiti wa mashabiki, aliyeendesha lifti ya mgodi mpaka ulipouzwa, ndiye aliyekuwa upande wa matofali.

“Mzee wangu, tukae kwenye matofali haya mpaka lini?” alisema Tresford. “Mimi makalio yangu yana ramani ya uwanja mzima. Daktari akinipima anaona na vibendera vya kona.”

“Hayo matofali alifyatua baba yako,” alisema Mzee Sikazwe. “Udongo wa kichuguu, kaubeba mwenyewe baada ya zamu. Kila mchimbaji na tofali zake. Hakuna bwana mkubwa aliyetujengea.”

“Baba alifyatua tofali nipate pa kukaa, hakufyatua ili niliabudu. Paa linakuja, mzee. Viti. Taa. Choo cha kina mama chenye mlango! Mama Chewe, hebu msaidie huyu babu, choo chenye mlango hukitaki?”

“Choo chenye mlango nakitaka sana,” alisema Mama Chewe, akimkatia mteja kipande. “Kinachonitia wasiwasi ni geti.”

Alikuwa na sababu. Fundi mmoja aliyekuja kupima alikuwa amemwambia kwamba uwanja utazungushiwa mabati kwa miaka miwili, na kwamba hakuna mtu asiye na kofia ngumu atakayeruhusiwa kuingia. Na goli la kaskazini litaezekwa paa. Mama Chewe alikuwa ameyafikiria maneno hayo wiki nzima. Geti likifungwa, nani atamlisha Laban? Na paa likiezekwa, mpira utamfikiaje?

“Ukianguka paani ni kona,” alisema mtu.

“Kona ya wapi? Ukigusa paa ni mpira wa kudondosha, refa anaanza upya.”

“Refa gani? Umfufue kwanza!”

“Mimi nasema umeshashuka kidogo,” alisema Mzee Sikazwe, akiwa amekinga macho kwa kiganja. “Zamani ulikuwa usawa wa gurudumu la mnara.”

“Ulioshuka ni mgongo wako, babu,” alisema Tresford, na watu walicheka, na Mzee Sikazwe mwenyewe alicheka, kisha wakanunua chikanda tena.

Mwekezaji alifika saa nane mchana. Aliitwa Bwana Temwani Jere, alikuwa Mngoni wa mashariki, na alivaa suti ya rangi ya majivu iliyomkaa vizuri. Mhandisi wake alibandika michoro kwenye ubao chini ya Upande wa Jua, yaani ngazi za matofali ambako wasio na uwezo wa kulipa wamekaa bure tangu uwanja ulipojengwa. Mhandisi aliutazama mpira mara moja, akauongeza mchoroni kwa penseli kama kizuizi cha angani, akaandika urefu wake wa kukadiria.

Kwa kuwa Wangoni, walao panya, ni watani wa Wabemba, walao nyani, tangu mababu walipochoka kupigana, Bwana Jere alijua namna ya kuanza.

“Nawasalimu Wabemba wote mliokuja,” alisema, “pamoja na nyani mliowaacha motoni nyumbani.”

“Na wewe panya wako umewafungia wapi?” sauti ilijibu kutoka juu. “Ndani ya gari, au ndani ya suti?”

“Suti hii ni yao. Mimi nimeazima.”

Watu walipiga makofi. Alikuwa mtu wa watu, na aliyoyasema baadaye yalikuwa mazuri pia: viti vya rangi ya shaba, taa za kuchezea jioni, hosteli ya wachezaji, mishahara inayofika kabla ya njaa. Mzee Sikazwe alisimama akauliza kura itapigwa lini. Bwana Jere alisema kwamba maoni ya mashabiki yana uzito mkubwa sana. Mzee Sikazwe alikaa akiwa hana hakika kama amejibiwa.

Ndipo Mama Chewe alipoinuka. Alikuwa amefunga kitenge chake cha kanisani.

“Mimi sina swali la viti,” alisema. “Nina mume. Ninyi mkifunga geti, yeye mnamweka wapi?”

Mhandisi alijibu kwa adabu kwamba kungekuwa na mpango wa kumhamishia mahali pengine kwa muda.

“Sihami,” alisema Laban kutoka golini, bila kushusha uso. “Mpira uko mchezoni.”

Bwana Jere aliona kwamba mkutano unaanza kununa, na mtu aliyelelewa katika utani hujua dawa ya mnuno. Aliweka mikono kiunoni, akatazama juu, akamtazama kipa, akatikisa kichwa.

“Jamani Wabemba! Mtu mzima anangoja mpira mmoja tangu 1998! Angekuwa Mngoni tungekuwa tumeshaudaka, tumeuchemsha, tumeulia nshima. Mimi mwenyewe ningeudaka kwa mkono mmoja. Huu mwingine umeshika chai!”

Uwanja ulivunjika kwa kicheko. Tresford alicheka mpaka akashikilia tofali. Hata mabega ya Laban yalitikisika.

Mama Chewe hakucheka. Alikuwa anakumbuka msiba wa baba yake. Siku ile Mngoni mmoja wa mtaani kwao aliingia chumbani, akavaa koti la marehemu, akajilaza kitandani mwa marehemu, akadai aletewe chai na mke wa marehemu. Aliletewa. Hakuna aliyesema kwamba marehemu amefufuka, wala kwamba amerithiwa. Kitanda kilihesabiwa kuwa kitupu mchana kutwa, ingawa Mngoni alikuwa anakoroma juu yake. Ndivyo ilivyo kwa Wabemba na Wangoni: la mtani halihesabiwi. Wangoni wa Lutumbi walikuja golini kila Jumapili baada ya ibada kumtania Laban na kumletea panya wa kuchoma kwenye kijiti. Lakini mambo mazito ya utani ni ya msibani, na Laban hakuwa amekufa. Kwa hiyo, kwa miaka yote hiyo, hakuna aliyekuwa amewaza upande huo.

“Mtani,” alisema Mama Chewe, akiwa bado amesimama. “Umesema kwa mkono mmoja.”

“Nimesema, mama.”

“Basi daka.”

Kicheko kilipungua, kikaisha.

“Mama yangu, nilikuwa natania.”

“Hata mimi natania. Ingia golini, mtani. Shika zamu, mume wangu akale nyumbani. Au Wangoni siku hizi hutania nusu halafu wanapanda gari?”

“Ooooh!” ulisema Upande wa Jua wote.

Bwana Jere alimtazama mhandisi wake, lakini mhandisi alikuwa mtu wa kusini, na utani huo haukumhusu. Mzee Sikazwe alisimama tena, akasafisha koo, akalieleza jambo hilo kwa utaratibu kama alivyokuwa akieleza hitilafu ya lifti. Alisema kwamba kubadilisha kipa mpira ukiwa mchezoni ni kosa, na Mukuba Rovers hawajawahi kuvunja sheria. Lakini la mtani halihesabiwi. Mngoni akisimama golini, hakuna kipa aliyebadilishwa. Kwa hesabu ya mchezo, Laban atakuwa bado yuko golini, hata mwili wake ukiwa mezani nyumbani kwake.

“Baba Chewe,” alimalizia, “wewe ndiye kipa. Unasemaje?”

Kivuli cha mpira kilikuwa kimeshasogea kutoka alama ya penalti kikielekea mashariki, kama kilivyofanya kila alasiri.

“Mwambieni asigande mstarini,” alisema Laban hatimaye. “Huu ni mpira wa kuutokea.”

Bwana Jere alivua koti, akalikunja, akampa mhandisi. Alivaa glavu za Laban juu ya vifungo vya mikono ya shati. Alikwenda golini na viatu vyake vinavyong’aa, akasimama bega kwa bega na Laban, akainua uso. Alipokuwa ameuona mpira na kusema “Nimeupata,” Laban alishusha wake.

Shingo ililia kama bawaba. Alitazama nyasi, alitazama viatu vyake mwenyewe, kisha alitazama mbele, na hapo alikuwa amesimama mkewe.

“Umenenepa,” alisema.

“Chikanda,” alisema Mama Chewe.

Alimshika kiwiko, kwa kuwa hakuwa amezoea kuona anakokanyaga, wakatoka kwa geti kuu. Beseni alimwachia Tresford, ambaye aliuza vipande vyote vilivyobaki na kula viwili tu. Njiani majirani walikuwa wanamwagilia mboga.

“Umetoka zamu, Baba Chewe?”

“Nimetoka.”

“Pole na kazi.”

Nyumbani alikalia kiti kwa kukipapasa kwanza. Mama Chewe alipika nshima upya, na kisamvu cha karanga, na kuku aliyekuwa amemweka kwa ajili ya Krismasi. Laban alikula akitazama sahani, akasema kwamba hakujua kisamvu kina rangi ya kijani iliyokolea kiasi kile. Chumvi ilikuwa sawa. Jioni simu iliita, naye alikuwa Chewe akipiga kutoka Solwezi kama kawaida ya Jumamosi.

“Baba hajambo?”

“Hajambo. Amelala.”

“Ameegemea nguzo?”

“Yuko kitandani.”

“Haya, mama. Usimwamshe. Nitapiga kesho.”

Mama Chewe alipokwenda kulala, alikaa kwanza ukingoni na kutazama. Ule upande mpya wa kitanda ulikuwa umeanza kubonyea.

Huko uwanjani, alasiri ileile baada ya Laban kutoka, mkutano haukuwa umevunjika. Bwana Jere alikuwa amesimama golini, uso juu, na kwa kuwa hakuweza kuondoka, aliulizwa maswali yote. Labda ni kwa sababu hakuziona nyuso za wanaomuuliza, labda ni kwa sababu shingo ilimuuma. Alijibu moja kwa moja. Aliulizwa kama Upande wa Jua utabaki. Alisema hautabaki. Aliulizwa kama kutakuwa na nafasi za bure mahali pengine. Alisema kwamba mchoroni hazimo. Mzee Sikazwe alimuuliza tena kuhusu kura.

“Mzee, mkataba ulisainiwa Lusaka mwezi wa saba,” alisema Bwana Jere. “Waliouza wameuza, na mimi nimenunua. Nimekuja kuwaeleza, sikuja kuwauliza.”

“Kama mwaka ule,” alisema Mzee Sikazwe.

“Kama mwaka ule, mzee.”

Hakuna aliyerusha chupa. Tresford alitazama michoro ya viti vya rangi ya shaba, kisha tofali alilolikalia. Mtu mmoja aliuliza kama mkataba nao si la mtani, usihesabiwe. Mzee Sikazwe alilifikiria swali hilo kwa haki. Alijibu kwamba waliotia saini hawakuwa wakitania, na kwa hiyo unahesabiwa.

Jua lilipokaribia kuzama, Wangoni wa Lutumbi walikuwa wameshapata habari. Walikuja na ngoma, wakamcheka sana ndugu yao na viatu vyake, kisha mmoja wao, seremala aitwaye Yesaya Nkhata, akavaa glavu na kumpokea. Bwana Jere aliposhusha uso alikaa chini kwenye nyasi, akanyoosha miguu, akaomba maji. Baada ya kunywa alimwita mhandisi akamwambia mambo mawili. La kwanza, paa la kaskazini liachwe wazi juu ya goli, upana wa kutosha mpira na makosa ya upepo. La pili, geti la nyuma lisifungwe mchana wala usiku, ili wenye zamu wapite, na wenye kuwaletea chakula wapite.

“Gharama itaongezeka,” alisema mhandisi.

“Wewe umewahi kusimama pale?” aliuliza Bwana Jere, na mhandisi akaandika.

Kura ya mashabiki ilipigwa wiki iliyofuata kwa utaratibu mzuri. Wengi waliukataa mkataba. Matokeo yalibandikwa kwenye ukuta wa Upande wa Jua, na Jumatatu ukuta ulibomolewa matokeo yakiwa juu yake. Kila aliyetaka aliruhusiwa kuchukua matofali yake, na watu walikuja na mikokoteni. Tresford alichukua ya baba yake. Siku hizi anauza vocha akiwa ameyakalia.

Uwanja mpya ni mzuri, na choo cha kina mama kina mlango. Wasioweza kununua tiketi hukaa juu ya kilima cha mabaki ya mgodi, ambako Mzee Sikazwe amepanga safu kwa mawe. Kutoka hapo, kupitia uwazi wa paani, huonekana goli la kaskazini, sehemu ya uwanja, na mpira wote. Huzomea, huimba, hubishana kama umeshuka. Tresford naye hupanda, na siku hizi husema kwamba umeshuka. Rovers wakifunga upande wa kusini, hungoja kelele za ndani, kisha nao hushangilia, wakichelewa kidogo.

Laban huenda golini asubuhi kwa hiari yake, kwa sababu ndiyo kazi yake na anaipenda. Saa sita Mngoni mwenye zamu humpokea, naye hurudi nyumbani kwa miguu, akiangalia njia. Amepanda mahindi uani. Amemsindikiza Chewe kanisani siku ya harusi yake, akiwa amemshika mkono, na uso wake ukitazama mbele.

Zamu zote za wiki zimepata watu, isipokuwa ya Alhamisi, kwa kuwa Yesaya Nkhata amehamia Kabwe kufuata kazi. Siku hiyo Laban hubaki golini hadi kesho yake, na Mama Chewe hula peke yake. Kwa hiyo wewe uliyeisoma habari hii, usiishie nayo. Mwambie jirani yako, naye amwambie wa kwao, mpaka imfikie Mngoni mwenye nafasi siku ya Alhamisi. Aje Lutumbi, aulize njia ya uwanjani. Mtu yeyote atamwonyesha. Chakula ataletewa.